Mikutano ya Mafundi: Mdhamini Alipe Chai, Wanachama Walipe Ukumbi

Tuseme mko mafundi 30 wa simu na sola hapo Kasikeu, na mnataka kukutana kila mwezi kufundishana kazi. Nani atalipa? Wengi hukimbilia duka moja kubwa la vifaa kule Sultan Hamud. Likikubali kulipa kila kitu, raha tupu. Lakini siku likisema mfundishe betri zake pekee, mtafanyaje? Mkikataa, hakuna mkutano.

Fanyeni hivi:

1. Pigeni hesabu kwanza. Mfano: ukumbi 3,000, chai na chakula 6,000, projekta 2,000, nauli ya mkufunzi 1,000. Jumla ni shilingi 12,000. Kila mwanachama akitoa 100, mna 3,000. Hiyo ilipe ukumbi. Mdhamini akijitoa mtakosa chai, lakini mtakutana.

2. Gawanyeni pengo. Zimebaki 9,000. Ombeni biashara tatu, 3,000 kila moja, badala ya kutegemea moja.

3. Andikeni mdhamini anapata nini. Jina kwenye bango na dakika 10 za kuongea, basi. Ajenda ni yenu. IETF, kundi la wahandisi wa intaneti linalokutana tangu 1986, hulipia mikutano yake kwa ada za wanaohudhuria pamoja na pesa za makampuni yanayodhamini. Lakini kudhamini hakuipi kampuni usemi zaidi kwenye maamuzi ya kiufundi.

4. Pesa zisiingie kwa simu ya mwenyekiti. Hata akiwa mwaminifu, pesa za kikundi zitachanganyika na za unga. Sajilini kikundi, sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 inataka angalau watu 10. Kisha ombeni Paybill ya kikundi. Sehemu ya nambari ya akaunti, mwanachama aandike MCHANGO, mdhamini aandike UDHAMINI. Stetimenti itaonyesha nani alilipa, lini na kwa kazi gani.

5. Rudisheni ripoti ndani ya wiki moja. Waliohudhuria wangapi, risiti, picha mbili na salio. Mdhamini akiona pesa yake ilikoenda, ni rahisi kumrudia.

Kabla ya kuandika barua ya kuomba udhamini, mweka hazina ajibu swali moja: michango yetu inatosha ukumbi? Kama bado, anzeni hapo.