Mzigo na Furushi
Somo la mwanzo wa mvua kwa sharika na waalimu wao

Tusome kwanza: Wagalatia 6:1–10.



Mwezi wa Oktoba unapokaribia kwisha, nchi yetu ya Unyamwezi yaonekana kama imekufa kwa ukavu. Vumbi limejaa njiani, maji ya visima yamepungua, na ng'ombe wamekonda. Walakini ukitazama porini utaona neno la kustaajabisha: miyombo inachipua majani mapya, mekundu kama shaba, kabla ya mvua ya kwanza kuanguka. Watu wa Ulaya wana majira yao ya kuchipua, baada ya baridi na theluji. Sisi wa Tabora majira yetu ya kuchipua ndiyo haya, kati ya ukame na mvua za Novemba. Tena ndiyo majira ambayo Kanisa laingia katika Majilio na kuuanza mwaka wake mpya. Kwetu sisi, jembe na kalenda ya Kanisa vyaanza safari pamoja.

Kila mkulima ajua kwamba siku hizi ni chache na kazi yake ni nyingi. Matuta hayana budi kuinuliwa, na mbegu za mahindi, mtama na karanga hazina budi kuingia ardhini kwa wakati wake. Na ghala ndipo zimekaribia kuwa tupu. Mtu akiugua majuma mawili tu ya mwanzo wa mvua, huenda nyumba yake ikaona njaa mwaka mzima. Kwa hiyo twaona inafaa tujifunze sasa, wala si baadaye, habari ya kujitolea katika usharika.

1. Maneno mawili ya Mtume

Msomaji mwangalifu atagundua jambo gumu katika sura hii. Katika mstari wa pili Mtume Paulo awaagiza Wagalatia wachukuliane mizigo. Katika mstari wa tano asema kwamba kila mtu atachukua lililo lake mwenyewe. Je, Mtume amejipinga? La, hasha. Katika Kiyunani alitumia maneno mawili mbalimbali, na waliotafsiri Biblia yetu ya Kiswahili walilitambua jambo hilo: mahali pa kwanza wameandika mizigo, mahali pa pili furushi.

Neno la kwanza ni uzito umwelemeao mtu hata akainama: ugonjwa, msiba, jaribu, anguko. Neno la pili ni shehena apewayo mtu kuichukua, kadiri ya nguvu zake. Ndilo neno Bwana wetu alilotumia aliposema kwamba alichotwika yeye ni chepesi (Mathayo 11:30). Basi kuna kitu ambacho kila mtu hana budi kukibeba mwenyewe, na kuna kitu ambacho mtu peke yake hawezi. Hekima ya usharika ni kuvitofautisha viwili hivi.

2. Mafundisho ya njia ya misafara

Sisi tukaao Tabora hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mji wetu ulikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo njia ilipita Ugogo na pori la Mgunda Mkali hata Unyanyembe. Kutoka hapa ikaendelea Ujiji, na nyingine zikaelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Kaze mnamo Novemba 1857, waliwakuta wafanya biashara Waarabu wamekwisha kukaa, na Wanyamwezi walikuwa wamezoea njia ya pwani tangu zamani.

Mpagazi alikuwa na mzigo wake, mara nyingi wa frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32. Mmoja alichukua mtumba wa nguo, mwingine shanga, mwingine pembe ya ndovu begani. Juu ya hayo alikuwa na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Hilo ndilo furushi: hakuna aliyemchukulia mwenziwe kwa sababu ya uvivu. Lakini mtu akishikwa na homa porini, neno hubadilika. Mzigo wake ukigawanywa kwa wenziwe, huweza kufika kambini pamoja naye; usipogawanywa, huachwa njiani, na huenda mtu mwenyewe akaachwa pia. Msafara usiojua kugawana ulipoteza watu.

Tena tukumbuke jambo lihusulo majira yetu haya. Wanyamwezi wengi walishuka pwani wakati wa kiangazi, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua, ili walime. Hata watu wale waliosifiwa kwa safari ndefu walijua kwamba shamba la nyumbani lina saa yake.

3. Furushi lililotoka Chitambo

Yuko mtu mmoja ambaye wenziwe walimbeba hata baada ya kufa kwake. David Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji wetu, akingoja watu wapya. Akaondoka tarehe 25 Agosti 1872, na mwanzoni mwa Mei 1873 akafa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Chuma na Susi na wenzao wangaliweza kumzika pale na kwenda zao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala za maziko. Kisha wakaukausha mwili, wakauchukua.

Mnamo Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza Cameron, naye akawashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Walipotoka, wakasikia kwamba wenyeji wa mbele hawataki maiti ipite katika nchi yao. Basi huko Kasekera wakafanya hila ya upendo: wakawatuma wengine kurudi na kifurushi cha mabua, kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya hata ukafanana na mtumba wa nguo kama mitumba mingine ya msafara. Wakafika Bagamoyo mnamo Februari 1874. Hakuna aliyewaajiri kwa safari ile. Bwana wao alikuwa amekufa, hana awezalo kuwalipa.

Ndugu, twaona hapa maneno yote mawili ya Mtume yamefungwa katika mtumba mmoja. Kila mtu alibeba furushi lake, na wote walibeba mzigo wa yule asiyeweza tena kutembea.

4. Mzigo wa nguvu na mzigo wa hiari

Walakini tusiisifu njia ile pasipo kusema kweli yake yote. Katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo, wakipelekwa pwani kuuzwa. Chuma mwenyewe alipokuwa kijana aliokolewa mikononi mwa wauza watumwa mwaka 1861. Hata katika vita ya 1914–1918, ambayo Tabora ilitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, maelfu kwa maelfu walichukuliwa wawe wapagazi, wengi wao kwa nguvu, na wengi hawakurudi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni kumbukumbu ya wapagazi wa vita ile.

Kwa hiyo mtu wa nchi hii akisikia neno kazi ya pamoja, yafaa aulize: ni kazi ya nguvu au ya hiari? Martin Luther alilijibu swali hili katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo. Alifundisha kwamba imani humtoa mtu katika taabu ya kujitafutia wokovu kwa matendo, na kwamba upendo humpeleka mtu huyo huyo kwa jirani yake, bila kudai ujira. Mungu hahitaji matendo yetu mema. Jirani ndiye ayahitajiye. Na katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 alituonyesha kwamba haitoshi kutomwua mtu wala kutomwibia. Amri ya tano yatuagiza kumsaidia jirani katika shida za mwili wake, na amri ya saba kumsaidia kuitunza mali yake na riziki yake. Basi jembe katika shamba la mgonjwa ni amri ya saba iliyoshikwa kwa mikono.

5. Kosa letu wenyewe

Twaandika haya si kama watu waliofaulu. Mwaka mmoja usharika wetu ulitangaza siku ya kujitolea mwanzoni mwa mvua. Watu wengi walikuja. Tulifagia uwanja wa kanisa, tukapaka kuta chokaa, tukazibua mfereji, tukaimba tangu asubuhi hata adhuhuri. Kisha tukarudi makwetu tukifurahi.

Hatua chache kutoka kanisani alikaa mama mmoja mjane, naye alikuwa amelala na homa. Tulipita kando ya shamba lake tukienda, tukapita tena tukirudi. Hakuna aliyeuliza kwa nini matuta hayajainuliwa. Majuma mawili yakapita ndipo mzee mmoja wa kanisa alipoingia nyumbani mwake akaijua habari. Tukaenda na majembe, tukalima, tukapanda; lakini mahindi ya majirani yalikuwa yamekwisha kufika magotini. Mvua zikakoma kabla ya yale ya mama hayajajaza punje, akavuna madebe machache tu. Siku ile tulipokwenda kumlimia, alitoka akaketi mlangoni, akatushukuru, akasema, “Karibuni, wanangu. Siku ile nyimbo zenu nilizisikia vizuri.”

Hakusema neno la lawama. Nasi mpaka leo hatujalisahau.

6. Yatupasayo kufanya

Kwanza, wazee wa kanisa wapite nyumba kwa nyumba kabla ya mvua. Wasingoje mtu aje kuomba, maana aliyeelemewa hana nguvu ya kuja. Waulize: nani mgonjwa? Nani amefiwa? Nani ana watoto wachanga, wala hana msaidizi? Nani hana mbegu?

Pili, kila mtu na furushi lake. Kijana mwenye afya asiache shamba lake ili wengine walilime kwa jina la upendo. Tena kazi ya usharika isiwaangukie siku zote watu wale wale, hasa akina mama, ambao nyumbani kwao mizigo haijapungua.

Tatu, tuutakase ujima wa wazee wetu. Desturi ya kuwaalika majirani kulima ni njema. Lakini zamani mwenye shamba aliwapikia chakula na pombe, na asiye na nafaka ya kupikia pombe hakuwa na cha kuwaitia watu. Maskini alikosa msaada kwa sababu ya umaskini wake. Sisi twende na chakula chetu mikononi, ili mwenye shamba asiwe mdeni wa mtu.

Nne, asaidiwaye asiaibishwe. Jina lake lisisomwe mbele ya watu kama hesabu ya sadaka. Naye apewe nafasi ya kutoa alicho nacho: bibi asiyeweza kulima aweza kuwalinda watoto wa wanaolima, au kumfundisha binti kuchagua mbegu.

Tano, waalimu watangulie. Katika msafara kirangozi alikwenda mbele, naye alikuwa na mzigo, ingawa mwepesi kuliko ya wengine. Mwalimu aonyeshaye shamba kwa kidole bila kushika jembe hatafuatwa mbali.

Sita, tusichoke. Siku ya kupanda watu huja wengi, kwa kuwa ina nyimbo. Siku ya palizi, mwezi wa Januari, jua ni kali na majani yamefunga shamba. Hapo huonekana nani alikuja kwa upendo. Mtume alijua hayo, ndiyo maana katika mstari wa tisa awaonya wasilegee, kwa kuwa mavuno yana wakati wake.

Saba, tusiishie kwa Walutheri. Mji huu tunakaa pamoja na Wamoravian, ambao kazi yao ilianza Urambo mwaka 1898, na Wakatoliki waliowatangulia, na Waislamu wengi. Mstari wa kumi wataja watu wote kwanza, ndipo wataja nyumba ya imani. Homa haiulizi dhehebu.

Maswali ya kuzungumza katika darasa

1. Taja jambo moja lililo furushi lako, ambalo si haki kumtwika mwingine. Taja moja lililo mzigo usioweza kuubeba peke yako.

2. Kwa nini ni vigumu mara nyingine kupokea msaada kuliko kuutoa?

3. Je, katika mtaa wenu kuna shamba mnalopita kila Jumapili bila kuuliza? Ni la nani?

4. Matendo mema yasipotuokoa, ya kazi gani? Jibuni kwa kutumia amri ya saba.

5. Ni nani atakayerudi kwa palizi? Andikeni majina kabla ya kuachana.

Ndugu wapenzi, mawingu yameanza kukusanyika upande wa mashariki. Kabla ya kengele ya Majilio ya kwanza kulia, mwalimu na apite katika mtaa wake, mlango kwa mlango, na amalizie kwa ule ulio karibu kuliko yote na kanisa, maana huo ndio sisi tuliousahau. Bwana aliyeuchukua mzigo wetu sote msalabani atupe macho ya kuona mizigo ya wenzetu, na mabega ya kuichukua. Amina.