Si Faili Peke Yake: Vitu Vinavyolindwa Ndani ya Windows

Muulize mtu wa ofisini ni kitu gani ndani ya kompyuta kinachohitaji kulindwa, atakujibu: faili. Hajakosea, ila ametaja kimoja tu. Tangu Windows NT ilipotoka mwaka 1993, mfumo huo hulinda vitu vya aina nyingi kwa utaratibu mmoja, na wanaohitaji kuujua ni mafundi wa maofisini na vijana wanaoanza kuandika programu.

Kila kitu kinachoweza kulindwa hubeba maelezo yake ya usalama: mmiliki ni nani, nani ameruhusiwa au kukatazwa kufanya nini, na matukio gani yaandikwe kwa ajili ya ukaguzi. Majina ya watu hayamo. Kinachoandikwa ni namba ya utambulisho ya akaunti, inayoanza na S-1. Ndiyo maana ukifuta akaunti ya mfanyakazi kisha ukafungua nyingine kwa jina lilelile, mafaili yake ya zamani humkatalia. Kwa mfumo, huyo ni mgeni.

Tuanze na mafaili na folda. Ruhusa zake hukaa kwenye diski ya NTFS. Flashi zenye FAT32 au exFAT hazizihifadhi kabisa. Faili la mishahara lililofungwa barabara kwenye seva, likinakiliwa kwenye flashi ya namna hiyo, litasomwa na yeyote atakayeiokota.

Huduma ndizo husahaulika zaidi, nazo ndizo hatari. Hizi ni programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia, nyingi zikiamka pamoja na mashine. Haki ya kuwasha au kuzima huduma ni jambo dogo ukilinganisha na haki ya kubadilisha mipangilio yake: mwenye haki hiyo anaweza kuielekeza huduma iendeshe programu yake mwenyewe, tena kwa akaunti ya mfumo, ambayo ndiyo hutumiwa na huduma nyingi. Hapo ameshika kompyuta nzima. Na kuifunga huduma peke yake hakutoshi. Mipangilio yake huhifadhiwa kwenye rejista ya Windows, na programu yenyewe ni faili kwenye diski. Rejista ina orodha yake ya ruhusa, faili lina yake. Mojawapo ikiachwa wazi kwa kila mtu, kufuli la huduma ni pambo tu.

Printa nayo ina haki zake: kuchapa, kusimamia nyaraka zilizo kwenye foleni, na kusimamia printa yenyewe. Folda inayoshirikiwa kwenye mtandao hupimwa mara mbili, kwa ruhusa za ushirika na kwa zile za NTFS, na zenye ukali zaidi ndizo hushinda. Lakini aliyeketi mbele ya mashine yenyewe hupimwa kwa NTFS tu.

Kwa waandishi wa programu, orodha inaendelea: michakato inayoendeshwa, mabomba ya mawasiliano kati ya programu, kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja. Hapa kuna mtego mmoja. Orodha ya ruhusa iliyo tupu humkatalia kila mtu, ingawa mmiliki bado anaweza kuibadilisha. Kutokuwa na orodha kabisa humruhusu kila mtu kila kitu. Mwandishi mwenye haraka, bomba lake likigoma, huiondoa orodha ili kazi iende. Kazi huenda kweli, na mlango hubaki wazi.

Jambo jingine: ruhusa hupimwa wakati kitu kinapofunguliwa. Programu iliyokwisha kufungua faili huendelea kulitumia hata ukiondoa ruhusa sasa hivi. Hata uanachama wa vikundi husomwa mtu anapoingia kwenye mfumo. Kwa hiyo ukimwondolea mtu haki, mtoe kwenye mfumo, aingie upya.