SOMO LA SHERIA: WATOTO WA NDOA YA KWANZA NA URITHI WA WAHINDU

Mtu akifariki akaacha watoto wa ndoa mbili, ugomvi huanza mapema. Hata matanga hayajaisha, utasikia mtu anasema, "Hawa ni wa yule mama wa kwanza, hapa hawana chao." Maneno haya husemwa hapa kwetu, na India pia husemwa. Leo tutaona sheria ya Wahindu huko India inamjibu nini mtu wa namna hiyo.

Sheria yenyewe

Bunge la India lilitunga sheria ya urithi wa Wahindu mwaka 1956. Sheria hii inawahusu pia Wabudha, Wajaini na Masingasinga. Waislamu, Wakristo na Waparsi wa India wana sheria zao nyingine. Inatumika pale mtu anapokufa bila kuacha wasia.

Mali ya baba

Hebu tuchukue mfano. Mwanamume mmoja alifiwa na mke, akabaki na watoto wawili, mvulana na msichana. Akaoa tena, akapata mtoto mmoja. Kisha naye akafa ghafla, hakuandika wasia. Ameacha rupia 500,000 alizozichuma mwenyewe. Mama yake mzazi bado yu hai.

Nani warithi? Mjane, watoto wote watatu, na mama wa marehemu. Kila mmoja anapata fungu moja, na mafungu yote ni sawa. Basi tuhesabu:

Mjane: fungu 1
Watoto: mafungu 3
Mama wa marehemu: fungu 1
Jumla: mafungu 5

500,000 gawanya kwa 5 ni 100,000. Kila mmoja anapata rupia 100,000.

Umeona? Sheria haiulizi mtoto alizaliwa na mama yupi. Inauliza baba yake ni nani. Wala msichana hapunjwi kwa kuwa ni msichana.

Sasa je, kama mke wa kwanza hakufa bali alipewa talaka? Yeye mwenyewe hatarithi, maana si mjane wa marehemu. Lakini watoto wake watarithi vilevile. Talaka huvunja ndoa, haivunji uzazi.

Mtoto aliyefuata mama

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tuseme mwanamke kafiwa na mume, ana mtoto mdogo. Anaolewa tena na kwenda na mtoto wake. Mtoto huyu ana haki gani?

Kwanza, haki yake kwa baba yake aliyefariki haipotei. Ndugu wa baba hawawezi kumwambia, "Mama yako kaolewa kwingine, basi na wewe umekwenda." Na mama naye, fungu alilorithi kwa mume wa kwanza ni lake, hata akiolewa tena baadaye. Zamani haikuwa hivyo. Sheria ya mwaka 1856 ilimruhusu mjane wa Kihindu kuolewa tena, lakini akiolewa alinyang'anywa mali ya marehemu mumewe.

Pili, kwa baba wa kambo, mtoto huyu hahesabiwi kama mtoto wa kuzaa. Baba huyo akifa bila wasia, mtoto wa kambo hapati fungu la mtoto, hata kama alilelewa nyumbani humo miaka ishirini na kumtunza mzee katika ugonjwa. Jambo hili huwaumiza wengi, maana wanalijua wakati mzee amekwisha zikwa au kuchomwa.

Tatu, kwa mama yake ana haki kamili. Mama akifa bila wasia, watoto wake wa ndoa zote hugawana sawa, pamoja na mume wake aliye hai. Kwa hiyo, fungu ambalo mama alilirithi kwa mume wa pili linaweza kumfikia mtoto wa ndoa ya kwanza kupitia kwa mama.

Lakini watoto wa kambo wa mwanamke huyo hawamrithi kama watoto wake. Mahakama ya Juu ya India iliamua hivyo mwaka 1987. Wao huweza kurithi kama warithi wa mume, pale tu mama huyo asipoacha mume, watoto wala wajukuu.

Kama ndoa ya pili haikuwa halali

Tangu mwaka 1955, sheria ya ndoa ya Wahindu hairuhusu mke wa pili wakati wa kwanza yupo. Akioa hivyo, ndoa ya pili ni batili, na mke huyo hahesabiwi kuwa mjane. Je, watoto wao? Wao hawana kosa. Sheria inawahesabu kuwa watoto halali wa wazazi wao, na watarithi mali ya wazazi hao. Lakini hawawezi kudai mali ya babu au ami kwa njia hiyo.

Dawa ni wasia

Baba wa kambo anayempenda mtoto aliyemlea asitegemee maneno ya barazani. Aandike wasia, autie sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili, nao watie sahihi zao. Njia nyingine ni kumfanya mtoto wake kisheria, kwa kufuata masharti ya sheria ya kuasili watoto ya mwaka 1956.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria za kwetu si hizi za India, lakini swali ni lile lile: mtoto uliyemlea, umemwandika wapi?

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika mfano wetu, kama mama wa marehemu angekuwa amekwisha kufa, kila mrithi angepata rupia ngapi?
2. Kwa nini mke aliyeachwa harithi, lakini watoto wake wanarithi?
3. Mtoto wa kambo anaweza kupata mali ya baba wa kambo kwa njia zipi?
4. Kijijini kwenu, watoto wa ndoa ya kwanza hutendewaje baba anapofariki? Je, ni haki?