Kupoza Giaboksi ya Otomatiki Katika Pikapu ya Zamani

Wasomaji wetu wa Mbozi, Momba na Ileje wanajua thamani ya pikapu moja katika kijiji. Hupeleka kahawa na mahindi sokoni, huleta mbolea na mbegu, na usiku wa shida humchukua mgonjwa mpaka hospitali. Wako wenye pikapu za zamani ambao, giaboksi ya mkono ikiisha kuchoka, huiondoa wakatia ya otomatiki iliyotoka katika gari lililotumika Japani. Kazi hiyo si mbaya, lakini ina adui mmoja asiyesamehe, naye ni joto. Tumeona vema kulieleza jambo hili, kwa kuwa giaboksi ikiungua, fedha inayopotea huenda ikawa mavuno ya mwaka mzima.

Joto latoka wapi?

Katika gari la gia za mkono nguvu ya injini hupita katika klachi, ambayo ni sahani zinazoshikana kama viganja viwili. Katika otomatiki hapana klachi ya mguu. Mahali pake pana chombo kama chungu kilichofunikwa, kiitwacho konveta, nacho kimejaa mafuta. Ndani yake mna mapanga pande mbili. Yale ya upande wa injini huyatupa mafuta kwa nguvu, na mafuta huyapiga mapanga ya upande wa pili, yakazungusha giaboksi. Mjerumani Hermann Föttinger ndiye aliyeandikisha uvumbuzi huu mwaka 1905.

Faida yake ni ulaini. Hasara yake ni kwamba gari likianza kuondoka, au likipanda mlima na mzigo, upande wa pili huzunguka polepole kuliko upande wa kwanza. Nguvu inayobaki katikati hugeuka kuwa joto ndani ya mafuta. Msomaji na asugue viganja vyake kwa haraka, atafahamu mara moja.

Sasa tufikiri safari ya kutoka bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Kamsamba, mpaka nyanda za juu za Mbozi. Ziwa liko kiasi cha meta 800 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Mbozi zapita meta 1,400. Pikapu yenye magunia ya mpunga hupanda polepole, upepo wa kuipoza ni mchache, na konveta yateleza muda wote. Katika foleni ya malori pale mpakani Tunduma pia gari husogea hatua chache, likasimama, likasogea tena, bila upepo kupita mbele yake.

Kosa linaloua giaboksi

Giaboksi ya otomatiki ina mabomba mawili: moja hutoa mafuta ya moto, la pili huyarudisha yakiisha kupoa. Gari lililotengenezwa kwa otomatiki huwa na nafasi ya mafuta hayo ndani ya rejeta yake. Lakini pikapu ya zamani ya gia za mkono haina nafasi hiyo, maana haikuihitaji. Basi fundi asiyejua huyaunganisha mabomba yale mawili kwa kipande kimoja cha mpira, na mafuta huzunguka bila kupoa. Mwingine huyaziba kabisa, na hilo ni baya zaidi, kwa kuwa katika giaboksi nyingi mafuta yanayorudi ndiyo yanayolainisha vyuma vya ndani.

Tulipata kuiona pikapu moja iliyounganishwa hivyo. Mjini ilikwenda vizuri, na mwenyewe akafurahi. Siku ya mzigo, katikati ya mlima, injini ikanguruma lakini magurudumu hayakuenda. Mafuta yalipotolewa yalikuwa meusi, yenye harufu ya kuungua. Kipozeo ambacho hakikununuliwa kingegharimu fedha chache kuliko giaboksi iliyokufa.

Namna ya kufanya

Kwanza, utafutwe ama rejeta yenye nafasi ya mafuta, ama kipozeo cha peke yake kinachopozwa na upepo, ama vyote viwili. Vikiwa viwili, mafuta yapite rejeta kwanza, kisha kipozeo, ndipo yarudi. Kipozeo kilichopata kutumika kioshwe sana, kwa sababu uchafu wa giaboksi iliyokufa huiua mpya.

Pili, kipozeo kifungwe mbele ya rejeta kwa vyuma vyake imara, kikiacha nafasi ndogo, wala kisining'inizwe katika mapezi ya rejeta. Midomo yake ielekee juu au pembeni ili hewa isikwame ndani.

Tatu, mipira iwe ya mafuta; ile ya maji hulainika ikapasuka. Isiwe myembamba kuliko mabomba ya giaboksi, wala isiguse bomba la moshi au chuma chenye ncha.

Nne, mafuta yaongezwe, maana kipozeo nacho hubeba kiasi chake. Hupimwa gari likiwa mahali tambarare, mafuta yakiwa na moto, na injini ikizunguka, kwa jinsi mtengenezaji alivyoagiza.

Tano, kipimo cha joto kiwekwe mahali dereva atakapokiona. Nyuzi 80 mpaka 95 za sentigredi ni hali njema. Zikifika 110, dereva apunguze mwendo au mzigo. Zikipita 120, mafuta yaanza kuharibika upesi.

Mwenendo wa dereva

Mlimani tumia gia ya chini, usimwachie otomatiki achague peke yake. Katika foleni ndefu weka N na uvute breki ya mkono. Joto likizidi, simama mahali salama, weka N au P, uache injini izunguke polepole. Ukiizima mara moja, mafuta nayo husimama na hayapoi. Gari likikwama topeni, usiyazungushe magurudumu kwa muda mrefu. Wala lisivutwe kwa kamba likiwa na magurudumu ya nyuma chini, kwa sababu injini ikizimwa pampu ya mafuta haifanyi kazi. Kwanza ifunguliwe propela, au magurudumu hayo yainuliwe.

Kila mwezi yatazameni mafuta. Yakiwa mekundu na safi, ni mazima. Yakiwa ya kahawia na kunuka, yameungua. Yakiwa kama maziwa yenye wekundu, maji ya rejeta yameingia, na gari lisiendeshwe hata kidogo mpaka fundi alitazame.

Twawaomba walimu wawasomee habari hii wasiojua kusoma, na viongozi wa vijiji wawaulize mafundi wao swali moja kabla ya kuwalipa: mafuta ya giaboksi yapozwa wapi? Fundi akikosa jibu, gari lisipandishwe mlima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.