Dondoo muhimu: Mtoto akirudi kutoka chanjo

Sindano ya pentavalenti ya wiki ya 6, 10 na 14 huweza kuleta homa ndogo na uvimbe pajani. Kwa kawaida huisha ndani ya siku 2.

1. Mnyonyeshe mara kwa mara, hata akivuta kidogo kidogo.
2. Mpunguzie nguo. Wengi hukosea hapa: mtoto anachemka, bado kavikwa kofia ya sufu na kufunikwa blanketi.
3. Uvimbe uwekee kitambaa safi chenye maji baridi. Usikande, usipake dawa ya meno.
4. Parasetamoli mpe kwa kipimo alichokuandikia mhudumu; aspirini usimpe kamwe.
5. Kipele cha chanjo ya BCG (ya kifua kikuu) usikitumbue.
6. Akipata degedege, akipumua kwa shida au akilia saa 3 mfululizo, mkimbize kituoni, hata usiku.