Fundi wa Nangurukuru au Wakala wa Dar: Sheria Inakulinda Kotekote

Kutoka Nangurukuru, Kilwa, hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 300, na njia ni moja. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara hiyo maeneo ya Somanga, abiria na mizigo vilikwama pande zote mbili. Kwa mkazi wa Kilwa, basi, ushauri wa kupeleka gari Dar kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza una gharama ambazo hazionekani kwenye ankara: mafuta ya kwenda na kurudi, gesti, na siku za kazi zinazopotea. Wengi huamua kwenda kwa fundi wa Masoko, Kivinje au Lindi mjini. Wakishaamua hivyo hujiambia kwamba mambo yakiharibika hawana pa kulalamika, kwa kuwa wameenda mtaani. Imani hiyo inawatia hasara watu wengi, na haina msingi wowote katika sheria.

Tuanze na uhuru wa kuchagua. Magari ya serikali yana utaratibu wake: hutengenezwa kupitia TEMESA, Wakala wa Ufundi na Umeme. Gari lako binafsi halimo katika utaratibu huo. Unaweza kulipeleka gereji yoyote. Kinachoweza kukubana ni mkataba ulioutia saini mwenyewe, na mkataba wenyewe mara nyingi ni waranti.

Huku pwani, waranti hai ni ya bodaboda na bajaji zaidi kuliko ya gari. Kijana anachukua pikipiki mpya, mara nyingi kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo, na anapewa kitabu chenye kurasa za sevisi za mwanzo. Kitabu hicho ndicho cha kusoma kabla ya kuuliza mtu yeyote. Tazama waranti inadumu miezi mingapi au kilomita ngapi, kipi kikitangulia. Tazama pia kama inasema sevisi ifanywe na wakala aliyeidhinishwa tu, au inataka ifanywe kwa wakati na kwa oili ya kiwango kilichotajwa. Hayo ni masharti mawili tofauti kabisa. Likiwa la kwanza, ukienda kwa fundi wa kijiweni unajihatarisha. Likiwa la pili, unachohitaji ni ushahidi kwamba sevisi ilifanyika ipasavyo. Na kama pikipiki bado ni mali ya aliyekukopesha, soma na mkataba wa mkopo, maana unaweza kuwa na sharti lake kuhusu gereji.

Afrika Kusini suala hili limewekewa mwongozo maalumu. Tangu Julai 2021, mwongozo wa Tume ya Ushindani ya huko unamruhusu mwenye gari kutumia gereji huru hata waranti ikiwa hai. Kwetu Tanzania, jibu hutafutwa katika maneno ya waranti yenyewe, yakisomwa pamoja na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Sheria hiyo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na hiyo ni pamoja na kumdanganya kuhusu kuwepo kwa waranti au masharti yake. Kwa hiyo muuzaji akikwambia kwa mdomo kwamba waranti imekufa kwa kuwa ulibadilisha taa mtaani, mwombe akuoneshe ibara. Asipoionesha, mwombe aandike alichosema. Wengi hulegeza msimamo hapo hapo.

Magari mengi ya Lindi ni mitumba kutoka Japani: Noah, Probox, Hiace, IST. Haya yanapofika kwetu waranti ya kiwandani ilikwisha zamani, hivyo hakuna unachopoteza kwa kumpa kazi fundi huru. Kwa sevisi ya kawaida, yaani oili, filta, plagi na breki, fundi mzuri wa hapa hapa anatosha, na maoni yangu ni kwamba anafaa zaidi, kwa sababu kesho ukisikia mlio unamfikia kwa miguu.

Kuna jambo moja ambalo bado ningemwendea wakala, angalau kwa simu: kasoro za kiwandani zilizotangazwa na mtengenezaji. Mfano mkubwa ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017 baada ya mamilioni ya magari duniani, Toyota na Honda yakiwemo, kuitwa yarudishwe. Kemikali iliyomo ndani yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko ukifumuka unaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa yetu. Chukua namba ya chesisi, umuulize wakala wa kampuni husika kama gari lako limo kwenye orodha. Fundi wa mtaani, hata awe hodari vipi, hawezi kulijua hilo kwa kuliangalia gari kwa macho.

Sasa tufike kwenye wajibu. Ukimwachia fundi gari, hata bila karatasi, mmeingia mkataba. Chini ya Sheria ya Mikataba, aliyeachiwa mali ya mtu lazima aitunze kwa uangalifu ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeitunzia mali yake mwenyewe. Wajibu huo ni wake yeye wa chini ya mwembe na ni wa wakala mwenye jengo la vioo. Akilitumia gari kwa jambo ambalo hukumruhusu, akaenda nalo Kivinje kubeba samaki akisema analijaribu, likapata ajali, hasara ni yake. Tangazo ukutani kwamba "magari yanaachwa kwa hatari ya mwenyewe" peke yake haliufuti wajibu huu. Sheria ya Ushindani nayo inataka huduma kwa mlaji itolewe kwa ujuzi na uangalifu unaostahili.

Na fundi pia ana haki, ni vizuri tuziseme. Akiifanya kazi mliyokubaliana, anaweza kulizuia gari mpaka umlipe. Kulichukua usiku kwa ufunguo wa akiba si ujanja, ni kujitafutia kesi. Lakini hawezi kukulazimisha ulipie kazi ambayo hamkukubaliana. Ulimpa breki, ukakuta amefungua na gia boksi? Ndiyo maana makubaliano yaseme wazi: ukikuta tatizo jingine, nipigie kwanza.

Wengi hupotelea kwenye spea. Kilwa, spea nyingi huagizwa Kariakoo na kuja kwa basi. Swali la kisheria ni moja: nani aliiuza? Kama fundi ndiye aliyeinunua na kukuuzia, anawajibika kwa spea na kwa kazi. Kama umeinunua mwenyewe dukani ukamletea, yeye anawajibika kwa namna alivyoifunga, na kwa ubora wa spea unamdai mwenye duka. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema mnunuzi aliyemweleza muuzaji kitu anakitakia nini, akategemea ujuzi wake, anastahili kupata kitu kinachofaa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo usiagize "pedi za breki" tu. Tuma ujumbe wenye aina ya gari, mwaka na namba ya chesisi, kisha udai risiti inayoitaja spea kwa jina. Sheria ya kodi inamtaka mnunuzi naye adai risiti ya mashine kwa mfanyabiashara anayewajibika kuitoa. Fundi mdogo asiye na mashine akuandikie kwa mkono tarehe, kilomita, kazi, spea na fedha, na atie saini. Spea ya zamani rudi nayo nyumbani. Ni mali yako, na ndiyo inayoonesha kama kweli ilibadilishwa.

Jumbe za simu nazo ni ushahidi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mahakama hupokea kumbukumbu za kielektroniki, hivyo usifute mazungumzo yako ya WhatsApp na fundi. Piga picha dashibodi na mwili wa gari siku unayoliacha.

Kama gari au pikipiki ni ya biashara, mwambie fundi mapema, kabla hajashika spana. Fidia ya mkataba hufidia hasara inayotokana moja kwa moja na uvunjaji, au ile ambayo pande zote ziliijua tangu mwanzo. Dereva wa bodaboda aliyemtumia fundi ujumbe kwamba anategemea pikipiki kwa hesabu ya kila siku ana msingi wa kudai siku alizolala bila kazi. Aliyekaa kimya atapata shida kuzidai. Na ukisikia injini inagonga baada ya sevisi, simama. Ukiendelea kuendesha mpaka ife, mahakama itakuuliza kwa nini hukuizuia hasara isikue, na trafiki akikuta breki hazishiki atakushika wewe dereva, fundi akiwa kijiweni kwake.

Mgogoro ukizuka, rudi kwanza gereji na shahidi, eleza tatizo, na mpe fundi muda wa kurekebisha kwa maandishi. Ikishindikana, tofautisha kosa na kosa. Kazi mbovu ni madai, na Polisi hawakusanyi madeni. Kubadilishiwa spea yako nzima kwa chakavu bila wewe kujua ni wizi, hilo lipeleke Polisi. Spea bandia na udanganyifu wa biashara ni vya Tume ya Ushindani, FCC. Oili iliyopunjwa ujazo ni ya Wakala wa Vipimo. Madai yenyewe yaanzie kwa karani wa Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Akiona hayaangukii hapo, atakuelekeza Mahakama ya Wilaya. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 husaidia bure kuandaa maelezo kwa asiyemudu wakili.

Ukitaka kumpima fundi kabla ya yote haya, muulize kama ana cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Wapo waliojifunzia gereji, wakapimwa na VETA na kurasimishiwa ujuzi wao, na cheti cha namna hiyo kina uzito. Ila fundi asiye na cheti hana kinga yoyote kwa kukikosa, na wewe hupotezi haki kwa kumwamini. Haki hiyo ina muda wake tu: Sheria ya Ukomo inatoa miaka 6 ya kufungua madai ya mkataba, ikihesabiwa tangu mkataba ulipovunjwa.