Viza ya Kumfuata Mume Uingereza

SWALI: Mume wangu ni raia wa Uingereza, nami ni Mkenya. Tulifunga ndoa Mombasa mwaka jana. Mimi nina duka linalonipa kipato kizuri. Je, kipato hicho kitahesabiwa nikiomba viza?
Mama Duka, Mombasa

JIBU: Dada, hongera kwa ndoa. Kipato cha duka lako hakitahesabiwa, kwa kuwa uko nje ya Uingereza. Kinachotazamwa ni cha mumeo. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, wanaoomba viza hii kwa mara ya kwanza hutakiwa waonyeshe kuwa mwenza aliye kule anapata angalau pauni 29,000 kwa mwaka. Ikiwa ameajiriwa, aandae hati za mshahara za miezi 6 pamoja na taarifa za benki zinazolingana nazo.

Akipungukiwa, akiba inaweza kusaidia, yako au yake, mradi imekaa benki miezi 6. Kwa hiyo faida ya duka usiiweke chini ya mto, ipeleke benki.

Wewe andaa cheti cha ndoa kilichosajiliwa (picha za harusi pekee hazitoshi), cheti cha kupimwa kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa, na cha mtihani wa Kiingereza, kiwango cha A1. Wekeni pia kumbukumbu za mawasiliano yenu.

Ukifanikiwa, viza ni ya miezi 33, kisha utaiongeza. Baada ya miaka 5 unaweza kuomba ukaazi wa kudumu.